Mama wa Kufungua Mkutano kwa Maombi

Kwetu mkutano ambao haujafunguliwa kwa maombi bado si mkutano. Hata kama ajenda ni mitaro ya maji machafu, hata kama maofisa wa kaunti wamekuja mbio na kuacha gari likinguruma, hakuna litakalosemwa mpaka mtu asimame, kofia zivuliwe, na Mungu ajulishwe kwamba tumekutana. Katika kituo chetu, mwendo mfupi kutoka Kianjai, mtu huyo kwa miaka mingi alikuwa mmoja. Tulimwita Mama wa Maombi. Jina lake la ubatizo nalijua, la nyumbani pia nalijua, lakini nikiyaandika hapa hamtamjua zaidi ya hivyo, kwa hivyo tuyaache.

Alikuwa akiuza nafaka katika soko letu la wazi, maharagwe na mahindi, na njahi msimu wake ukifika, kila Jumatatu na kila Alhamisi. Mimi ni fundi wa nguo. Duka langu liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na uwanja huo wa soko, na cherehani huwa naiweka barazani kwa ajili ya mwanga. Mambo mengi nitakayosimulia niliyaona nikiwa na pini mdomoni. Sikumpenda tangu mwanzo. Nilimwona mama mwenye maneno mengi, na mimi watu wa maneno mengi hunichosha. Kumpenda kulikuja polepole, na sasa kunaniuma.

Mjue kwanza jinsi mikutano yetu inavyokaa. Mbele, chini ya hema, kuna meza yenye kitambaa na chupa za maji, hapo ni pa wageni. Kisha kuna viti vya plastiki, vinavyokaliwa na wenye ploti, wenye maduka, na wazee waliovaa koti hata jua likiwaka. Nyuma kabisa kuna nyasi, na nyasi ni za akina mama. Hakuna aliyewahi kutangaza iwe hivyo, lakini ukifika utaona kila mtu ameshajua pake. Wakati wa maoni ukifika, kipaza sauti huanzia mbele na huchoka kabla ya kufika nyuma. Kikibahatika kufika, hufika na onyo lake: "Mama, kwa ufupi tafadhali. Summarize."

Nilikuwepo siku alipojaribu kusema kama watu wengine. Soko lilikuwa linajaa maji kila mvua ikinyesha, magunia yakiloa kutoka chini, naye akainua mkono. Wakampa kipaza sauti. Alikishika kama mtu aliyeshikishwa kuku asiye wake. Vichwa vyote vya mbele viligeuka kumtazama.

"Mimi ni hiyo maji," alisema. "Ile maji ya..."

"Kwa ufupi, mama."

Akanyamaza. Mtu fulani akacheka, na wengine wakamfuata, si kwa ubaya, ni ile tabia ya watu wakiwa wengi. Alikirudisha kipaza sauti akakaa kwenye nyasi na kuziba mdomo kwa ncha ya leso. Basi mkutano ulipokuwa ukifungwa, mwenyekiti akatafuta mama mmoja wa kutuombea tuende nyumbani salama, na wenzake wakamsukuma asimame. Nadhani walitaka afute ile aibu. Akasimama, akafumba macho, na maji yote yakatoka.

"Baba," alisema, "wewe uliyetenganisha maji na nchi kavu siku zile za kwanza kabisa, unaona pale kwa soko letu bado hujafika. Tunajua una kazi nyingi. Lakini umetupatia viongozi, na viongozi wako na mikono, na kaunti iko na majembe. Wakumbushe, Baba, kwa sababu sisi tukiwakumbusha wanatuambia tufupishe."

Watu walicheka macho yakiwa yamefumbwa. Kisha ikaja Amina kubwa, ya viti na ya nyasi pamoja, na aliyekuwa meza kuu wakati ule naye akaitika kwa sababu kila mtu alikuwa akiitika. Mtaro ulichimbwa kabla ya mvua za mwisho wa mwaka.

Tangu siku hiyo alijua njia yake. Hakuomba tena kipaza sauti wakati wa maoni. Aliniambia mwenyewe, siku moja alipoleta sketi ya kupanuliwa: "Fundi, mimi siwezi kuongea na macho ya watu. Ikiniangalia, maneno inarudi tumboni. Lakini kwa maombi wote wamefumba. Halafu niambie, nani atasimama aambie mtu anaongea na Mungu kwamba muda yake imeisha?"

Nikamwambia hayo si maombi, ni siasa.

"Na wewe umeshona suruali ngapi ukisema zitakuwa tayari kesho?" alinijibu. "Kila mtu na kazi yake."

Alikuwa na mpango wa kuomba ambao haukubadilika. Alianzia mbali sana. Alishukuru kwa mlima, kwa mvua, kwa safari ya wageni na kwa gari ambalo halikupata pancha. Kisha akawapanga viongozi mmoja mmoja kwa vyeo vyao, kila mmoja akisikia ametajwa vizuri, na mheshimiwa, mwakilishi wetu kwenye kaunti, akitajiwa hata mama yake mzazi aliko. Hapo watu wa meza kuu walilainika. Halafu sauti yake ilishuka, akasema, "Na sasa, Baba," na waliokuwa wakimjua walianza kujigeuzageuza kwenye viti, maana hapo ndipo sindano inaingia.

Imani yake yote ilikuwa katika Amina. Alisema mtu akiitika Amina mbele ya watu amekubali, na hawezi kutoka pale aseme hakusikia. Na kweli, sisi tunaogopa jambo hilo. Nimeona mtu akikana maneno yake mwenyewe asubuhi yake bila kupepesa macho, lakini sijaona mtu akikana Amina yake.

Kuna kisa cha choo ambacho bado tunakisimulia. Akina mama walikuwa wakishinda sokoni tangu alfajiri bila pa kujisaidia, wakienda kuomba kwa wenye hoteli, wakifukuzwa. Aliliombea jambo hilo, akimwambia Mungu kwamba yeye ndiye aliyeumba kibofu na anajua ukubwa wake. Choo kikajengwa, kizuri, chenye bati jekundu, kikazinduliwa kwa ngoma, kikapigwa kufuli. Ufunguo ukawa kwa ofisi, na ofisi ikawa haifunguliwi siku ya soko. Mkutano uliofuata ulikuwa wa taa za barabarani. Mama wa Maombi alifika kwenye "Na sasa, Baba," akasema, "Wewe uliyefungua gereza usiku Paulo na Sila wakiimba, milango yote ikaachana, sisi hatukuulizi gereza. Ni choo tu." Mheshimiwa wa wakati huo alicheka mpaka akatoa leso. Kufuli lilitolewa siku hiyo hiyo, na halijarudi.

Siku za kabla ya mkutano akina mama walimpelekea haja zao wakijifanya wananunua maharagwe. Alizichambua kama anavyochambua mawe kwenye pojo. Nyingine alizikataa palepale. "Hiyo mwambie bwana yako," nilimsikia akimwambia mmoja. "Mungu hawezi kuingia kwa nyumba yenu kila siku."

Msidhani alikuwa malaika. Gorogoro lake, lile kopo la kupimia nafaka, lilikuwa limebonyea chini, na kubonyea kwenyewe hakukuwa kwa bahati mbaya. Mke wangu alinunua kwake mara moja, akaja nyumbani akapima upya, akaapa hatarudi, akarudi. Nilipomtania Mama kuhusu kopo hilo aliniambia mvua ilikuwa imekataa mwaka ule na Mungu alikuwa anajua. Alinusa ugoro kwa siri isiyokuwa siri, maana alipiga chafya tatu mfululizo na soko zima likamwambia pole. Kanisani alikuwa amekata mguu kwa kugombana na viongozi wa akina mama juu ya nani atapika siku ya harambee, na miaka ikapita bila kurudi. Watu wa kanisa walinung'unika kwamba mtu asiyeonekana ibadani ndiye anayetuombea mbele ya serikali. Yeye alisema kanisani kuna waombaji wa kutosha, ila kwenye mikutano ya kaunti hakuna.

Na alikuwa na kinyongo, jamani. Jirani yake wa pale sokoni, muuza ndizi, walikosana kwa sababu ya kivuli cha turubai, wakakaa bega kwa bega misimu mingi bila salamu. Siku muuza ndizi alipovimba shavu kwa jino, Mama wa Maombi alilitaja jino hilo mbele ya naibu wa gavana, akimwombea mwenzake apone. Mkutano ukaisha, wakarudi kwenye bidhaa zao, na bado hakumsalimia.

Alipenda pia sifa, sitamfichia. Alikuwa na kitambaa cheupe cha kichwa cha siku za mikutano tu. Siku moja walimleta kijana mchungaji atufungulie, akaomba vizuri, kwa Kiingereza kidogo na Kiswahili kidogo, akawaombea wagonjwa na wasafiri. Mama alimsikiliza uso umekunjamana. "Huyo ameomba kama mtu anasoma karatasi ya dawa," aliniambia baadaye, na alikasirika wiki nzima.

Mradi wa soko jipya ulikuja na mheshimiwa tuliye naye sasa. Ni kijana wetu, amesoma, ana adabu, na akikupita barabarani anateremsha kioo. Sitamfanya kuwa mtu mbaya, kwa sababu si mbaya. Mpango ulikuwa kujenga soko la kisasa lenye paa na vizimba ng'ambo ya mto, juu kwenye mwinuko karibu na zahanati, na uwanja wetu wa zamani ufanywe stendi ya magari. Wenye ploti walifurahi, maana stendi huleta hoteli na loji. Vijana walifurahi kwa sababu ya mawe ya kubeba. Kwenye nyasi hakuna aliyefurahi.

Wengi wa akina mama wetu wa sokoni ni wazee. Mizigo yao hushuka nayo mgongoni kutoka shambani, kamba ikikaa kwenye paji la uso, na njia zote za miguu za upande wetu zinaishia kwenye uwanja ule. Kuvuka mto na kupanda ule mwinuko na debe la maharagwe ni jambo la mtu mwenye magoti. Mama wa Maombi magoti yake yalikuwa yameanza kukataa, miguu ikivimba kwa ugonjwa wa sukari. Soko likihama, yeye angekuwa amestaafishwa. Na kwake soko lilikuwa ndiyo maisha. Nyumbani kulikuwa na mkaza mwanawe mpole na redio, basi.

Ikatangazwa siku ya kutoa maoni. Tayari hadithi ilikuwa imeanza kutembea. Sijui ilianzia wapi, lakini nadhani ilianzia kwenye nyasi, kwa akina mama wenyewe. Walisema safari hii Mama haombi mtaro. Safari hii atalaani. Atamwomba Mungu aliyekata shauri la kuhamisha soko asione watoto wa watoto wake, na mkutano mzima utaitika Amina bila kujua, na itakuwa imefungwa.

Mtu wa mbali atacheka. Kwetu laana ya mama mzee si mchezo. Msomi mwenye digrii mbili ukutani, mwambie bibi mmoja amelia akitaja jina lake, utamwona akitafuta mbuzi wa kupeleka. Na laana iliyotiwa Amina na umati mzima, nani ataitoa? Utaenda kwa nani, na mbuzi wangapi?

Nilimuuliza mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye gunia lake, akatia ugoro puani, akapiga chafya zake.

"Mama, wanasema utalaani."

"Wacha waseme," alijibu. "Wakiogopa kidogo, watasikiliza vizuri."

Hilo ndilo kosa, nikilifikiria sasa. Aliona woga kama mbolea. Hakujua kwamba mtu akiogopa sana hasikilizi kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, na soko lilikuwa limejaa. Hema lilipigwa palepale uwanjani. Mimi sikuvuka barabara, nilikuwa na sare za shule za kumaliza, lakini vipaza sauti viliningurumia mpaka barazani na nilikuwa nikiona kila kitu. Mwenyekiti alitaka mchungaji afungue. Akina mama wakapiga kelele, wakamtaka Mama wao. Wazee wakasema mpeni, ni desturi. Akapita katikati ya viti akichechemea, kitambaa cheupe kichwani. Kofia zikavuliwa.

Alianzia mbali kuliko siku zote. Alishukuru kwa mlima, kwa mvua, kwa zahanati na kwa barabara. Akamtaja gavana, akamtaja naibu, akamtaja mheshimiwa na mke wake na watoto wake kwa majina, akiwaombea afya na masomo. Nilikuwa nimesimamisha mguu kwenye cherehani. Leo naelewa kwamba alikuwa anawaombea kweli. Lakini kwa mtu aliyeshikwa na woga, kusikia watoto wako wakitajwa majina na mama huyo, siku hiyo, ilikuwa ni kama kusikia kisu kikinolewa. Nilimwona mheshimiwa. Alikuwa amefumbua macho.

Sauti ya Mama ikashuka. "Na sasa, Baba. Kuhusu hii soko yetu..."

"Na watu wote waseme Amina!"

Ilitoka kwenye kipaza sauti cha meza kuu, kwa nguvu. Na watu, kwa mazoea yao yote ya maisha, wakaitika: "Amina!" Viti wakaitika. Nyasi pia, akina mama wale wale waliompeleka, midomo yao iliitika kabla ya vichwa vyao kujua. Kofia zikarudi vichwani. Viti vikakwaruza. Mtu mmoja akaanza kugawa maji ya chupa.

Mama wa Maombi alibaki amesimama, macho amefumba. Midomo yake ilikuwa ikitembea kidogo. Nadhani alifikiri ni kosa, kwamba watatulia. Kisha akafumbua macho akawaona watu wote wanamtazama, na uso wake ukawa ule ule wa siku ya kwanza, siku ya kuku asiye wake. Muuza ndizi, yule ambaye hawakuwa wakisalimiana, ndiye aliyeinuka kwenye nyasi akaenda kumshika mkono na kumrudisha.

Wakati wa maoni wenzake walimsihi aongee. Alitikisa kichwa. Muuza ndizi akasimama badala yake, akaanza vizuri, akaambiwa afupishe, akafupisha. Mikono ikainuliwa, na ya mbele ilikuwa mingi. Soko likahamishwa kabla mwaka haujaisha.

Wazee waliokuwa wakimvulia kofia walisema umri umefika, apumzike. Mikutano sasa hufunguliwa na mchungaji. Huwaombea wagonjwa na wasafiri, humaliza haraka, na hakuna anayejigeuza kwenye kiti.

Mheshimiwa alikuja kwangu kupimwa suti ya harusi ya mdogo wake. Nikampima mabega, nikampima mikono, na nilipokuwa nyuma yake, nisipoonekana uso, nikamuuliza kwa nini alimkata mama yule.

"Fundi, ungefanya nini?" akasema. "Uliskia akitaja watoto wangu? Mimi si mtu wa kuamini hizo vitu. Lakini wewe ungengoja usikie mwisho?"

Nilikuwa na futi ya kupimia mkononi na sikujua niiweke wapi. Akaongeza kwamba alitaka kwenda kumwona, amsalimie vizuri, ampelekee hata sukari na unga, ila aliona haya. Nikamwambia sukari hatumii.

Mwaka huu, maharagwe yakivunwa, nilishuka kwake. Nilikuwa nimemshonea gauni pana la kuvaa akienda kliniki, kwa sababu miguu sasa haipiti kwenye nguo nyingine. Nilimkuta nje ya nyumba, amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anapukuchua maharagwe ya mkaza mwanawe. Amepungua. Mikono tu ndiyo ilikuwa ile ile, ya haraka, maganda yakiruka.

"Muga, mama," nikamsalimu.

"Muga mono. Fundi, umekuja kesho ile ulisema?"

Alikuwa bado na ulimi wake, nikashukuru. Mkaza mwana akaleta chai na viazi vitamu, akasimama akingoja, kama tunavyongoja sote, mzee aombee chakula. Mama aliendelea na maganda yake. "Omba wewe," alimwambia. Yule binti akaomba maneno machache na kukaa.

Tuliongea habari za soko. Akauliza nani bado anauza, nani ameacha. Nikamwambia muuza ndizi anapanda huko juu Jumatatu tu, na huwa namwona akirudi, akikaa kwenye ngazi ya duka langu kupumua. Akasema nimsalimie. Nilikaribia kumwaga chai.

Kisha, sijui ni kwa nini siku hiyo, nikamuuliza. "Mama, walisema ulitaka kulaani."

"Nani nilaani?" Aliacha kupukuchua. "Yule mtoto? Mimi nilimwona akibebwa mgongoni. Nilaani mtoto ya watu juu ya soko?"

"Basi ulitaka kusema nini?"

Alitazama mikono yake. "Serikali ikishaamua kitu, fundi, haiwezi rudi nyuma, hiyo mimi nilijua. Pesa imetoka, mawe imekuja. Mimi nilitaka kuuliza Alhamisi. Jumatatu waende nayo huko juu na vizimba yao. Alhamisi watuachie hapa chini, sisi wa miguu mbaya. Siku moja tu. Wangesema Amina kwa hiyo, si ndiyo?"

Nikakiweka kikombe chini.

"Ilikuwa imebaki kidogo tu," alisema. "Siku hizi nikifumba macho niombe, nasikia kama kuna mtu ananingoja nifike katikati. Kwa hivyo siombi." Alilisema hivyo tu, kama mtu anayesema haendi tena mbali kuchota maji. Kisha akaniuliza: "Na pale kwa uwanja, Alhamisi, magari ni mengi?"

Mimi ndiye ninayeutazama uwanja ule kila siku ya Mungu. Stendi haikufanya kazi. Wenye magari walikataa kuingia, kwa sababu abiria husimama barabarani na kumpungia dereva hukohuko, na aliyeingia ndani aliachwa bila watu. Kuna kibao kipya, kuna mistari ya rangi, na kuna mbuzi. Alhamisi ni kutupu kabisa. Nikishona huona upande mmoja mpaka mwingine, na hapo alipokuwa akikaa majani yameota. Mkaza mwanawe hupita hapo akienda posho mill kusaga mahindi. Aliniangalia, kisha akashughulika na kifuniko cha chupa ya chai.

"Yamejaa, mama," nikasema. "Alhamisi ndiyo mbaya kabisa. Hata pa kupitisha mkokoteni hakuna."

Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi hata ningemaliza, wangekataa."

"Wangekataa, mama."

Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka, akarudi kwenye maharagwe yake. Akaniambia ninywe chai kabla haijapoa.